Njia ya London Ilipoishia Mwanza

Wajukuu zangu hawaniamini nikiwaambia kwamba njia ya ndege kutoka London iliwahi kuishia Mwanza. Si Dar es Salaam, si Nairobi: Mwanza hii hii. Ilifunguliwa na Imperial Airways tarehe 28 Februari 1931, kutoka uwanja wa Croydon.

Mimi nilikuwa mtu wa posta hadi nilipostaafu, basi kilichonivuta ni barua. Zilihamishwa chombo hadi chombo. Kutoka Alexandria hadi Cairo zilipanda treni, Cairo hadi Khartoum ndege ya nchi kavu, na kuanzia Khartoum zikapakiwa katika Short Calcutta, ndege ya injini tatu iliyotua majini, kwanza mtoni Nile, kisha Kisumu, kisha kwetu. Uwanja wa kutulia haukuhitaji kujengwa, ziwa lilikuwepo. Na reli ya kutoka Tabora ilikwishafika mwaka 1928, kwa hiyo barua za pwani hazikulala Mwanza bure.

Sasa tupige hesabu. Kwa mstari ulionyooka, London na Mwanza zimeachana kama kilomita 6,750. Ndege ile ilikwenda kilomita 150 hivi kwa saa, yaani saa 45 angani. Mbona safari ilichukua siku kama kumi? Kwanza, mstari haukunyooka. Pili, kila baada ya saa chache walishuka kujaza mafuta. Tatu, giza likiingia abiria walipelekwa kulala. Muda mwingi uliliwa ardhini.

Fahari yetu haikutimiza hata mwaka. Januari 1932 barua zilianza kwenda hadi Cape Town, zikipinda Kisumu kuelekea Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Sisi tukabaki pembeni. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini, za kwenda Durban kwa njia ya Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Naam, Lindi! Kisha, tarehe 2 Mei 1952, Comet ya BOAC, jeti, ikatoka London kwenda Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Katika miji ya ziwa letu, Entebbe peke yake ndiyo iliyohesabiwa. Kadiri ndege zilivyoweza kubeba mafuta mengi, ndivyo miji ilivyorukwa.

Jeti ya leo ingetufikisha London kwa saa nane tu, kama ingekuwepo ya moja kwa moja. Haipo. Nikienda kumwona binti yangu Leicester, naanza kwa kuipa London mgongo: zaidi ya kilomita 800 kusini-mashariki hadi Dar es Salaam, nisubiri, nipande hadi nchi nyingine, nisubiri tena. Nikiondoka Jumatatu asubuhi, ananipokea Jumanne. Sehemu kubwa ya muda huo nakuwa nimekaa kwenye viti vya viwanja vya ndege. Wale wa mwaka 1931 angalau walipewa kitanda.