Tarehe ya Kalibu ya New Haven

Hii ni tarehe ya kalibu ya risasi, tangu ilipotoka New Haven, jimbo la Connecticut, hadi ilipofika mezani pangu. Naiandika kwa sababu pamezuka maneno katika kiwanja chetu cha shabaha. Vijana wanaopaka risasi zao rangi ya unga wanasema ufundi huu umeanza nao. Baadhi ya wazee nao wanasema asili ya kila risasi nzuri ni Harry Pope, na kwamba waliomtangulia walikuwa wakirusha kokoto. Nimesikiliza maneno hayo miaka mingi, na sasa nayajibu. Asili ni John Barlow.

Mimi ni mtu wa Mombasa kwa kuzaliwa, na haya nayaandika kwa lugha yangu kwa furaha, maana ni lugha iliyoijua kazi hii zamani. Kwetu madini ya risasi na risasi itokayo bunduki ni neno moja, tuliloachiwa na Waarabu, na asili yake ni yale madini. Kalibu na kusubu yalikuja kwa jahazi lile lile. Mtu wa pwani akisema "nasubu risasi kwa kalibu" amekwisha eleza kazi yote.

Basi Barlow. Alifungua karakana yake, Ideal Manufacturing Company, mwaka 1884, katika mji ambao tayari ulikuwa na viwanda vikubwa vya bunduki. Kabla yake kalibu ilikuwa inafuata bunduki: ununue ya Sharps, upate kalibu ya Sharps; ununue ya Winchester, upate ya Winchester; ukitaka umbo jingine, shauri yako. Barlow aliiachisha kalibu na bunduki. Akachonga maumbo kwa kekee, kila kekee ikapewa namba yake, na namba hiyo ikafuata kipimo cha upana wa risasi. Ndiyo maana hadi leo ukiona kalibu imeandikwa 457124 unajua papo hapo: risasi yake ina upana wa inchi 0.457, na kekee iliyochonga umbo lake ni ya 124. Mtu wa Texas na mtu wa Maine waliweza kuandikiana barua wakataja tarakimu sita tu, na kila mmoja akajua mwenzake anarusha nini. Kwa hilo peke yake jina lake lingestahili kuwekwa juu.

Lakini hakuishia hapo. Alitengeneza koleo ambayo ncha yake ilikuwa kalibu na mwili wake ulikuwa kifaa cha kujazia maganda, hata mtu akaweza kubeba karakana nzima mfukoni na kusubu risasi porini kwa moto wa kuni. Alitengeneza upawa wa chuma wenye mdomo unaokaa sawasawa kwenye tundu la kalibu, ili risasi iliyoyeyuka iingie kwa uzito wake bila kuvuta hewa. Alitengeneza kalibu inayorefushwa na kufupishwa, ili kalibu moja itoe risasi nzito na nyepesi. Akatengeneza mashine ya mkono inayosukuma shahamu kwenye mifuo ya risasi na kuipitisha risasi kwenye tundu la kipimo kwa mkupuo mmoja. Kabla ya mashine hiyo watu walipaka kwa kidole, au walizipanga risasi sahanini wakamimina mafuta, yakiganda wazikate moja moja kama keki. Na juu ya yote hayo akaandika kijitabu cha mwongozo, akakitoa tena na tena, akiwafundisha watu wasioijua kazi. Mwalimu huyu hakuficha siri za karakana.

Kisha zikaja bunduki za baruti isiyo na moshi. Jeshi la Marekani lilichukua bunduki ya Krag mwaka 1892, na bunduki hizo zikarusha kwa kasi ambayo risasi tupu haikuistahimili. Moto wa nyuma uliila risasi kitakoni, madini yakabaki mtutuni kama masizi. Wengi walisema kusubu kumekwisha, sasa ni zama za risasi zilizovikwa shaba kiwandani. Barlow, pamoja na Daktari Walter Hudson wa New York, alijibu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kikombe kidogo cha shaba kinachovikwa kitakoni mwa risasi. Kikombe kile kinaupokea moto, na sehemu nyingine yote inabaki madini ya kusubu nyumbani. Kitu chenyewe hakizidi ukubwa wa kifungo cha shati, na ndicho kilichoifanya kazi hii isife.

Mwaka 1910 Ideal ikauzwa kwa Marlin. Kisha ikapita kwa Phineas Talcott. Mwaka 1925 ikanunuliwa na Lyman wa Middlefield, ambao wanayo hadi leo.

Hapa nitasimama kidogo juu ya ugomvi wa kitako, maana watu wa Pope hawatanisamehe nikiupita.

Harry Pope alizaliwa Walpole, New Hampshire, mwaka 1861, akafanya kazi Hartford, akawa kwa Stevens huko Chicopee Falls, akahamia San Francisco na tetemeko la Aprili 1906 likaiangamiza karakana yake, akaishia Jersey City, alikofariki mwaka 1950. Mitutu yake ilikuwa na mifuo minane inayozidi kujipinda kadiri inavyokaribia mdomo. Risasi iliingizwa kwa mdomo wa mtutu, ganda lenye baruti likaingia kwa nyuma. Mwaka 1901, huko Boulder, Colorado, C. W. Rowland alipiga risasi 10 kwa mtutu wa Pope, umbali wa yadi 200, na matundu yote 10 yakakaa ndani ya inchi 0.725 kutoka kitovu hadi kitovu. Hayo ni madini ya kusubu, enyi mnaonunua za kiwandani! Yadi 200 ni urefu wa viwanja viwili vya mpira na kasoro kidogo.

Sasa ugomvi. Kalibu za Barlow humiminwa kwa upande wa kitako, za Pope kwa upande wa ncha. Kila kalibu huacha kovu pale madini yalipoingilia, kwani pale ndipo bamba la kalibu linapokata kikia cha madini kilichobaki. Pope alitaka kovu likae kwenye ncha. Watu wa New Haven waliona kwamba bamba kali likikata vizuri, kitako kinatoka laini kama kioo. Mwamuzi alikuwa Daktari Franklin Mann wa Milford, Massachusetts, ambaye alitumia miaka mingi na mali yake kupiga risasi kutoka juu ya nguzo ya saruji, kisha mwaka 1909 akatoa kitabu chake cha safari ya risasi kutoka baruti hadi shabaha. Mann alizikata ncha za risasi makusudi, akaziharibu kila namna, nazo zikaenda karibu sawasawa na nzima. Alipoharibu vitako kidogo tu, risasi zikatawanyika. Maana yake iko wazi: risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu, kitu cha mwisho kusukumwa na moto ni kitako, na kikiwa na kasoro upande mmoja, moto unaisukuma pembeni. Kwa hiyo katika jambo la kovu Pope alikuwa na haki, nami naliandika hapa. Lakini Pope aliwahudumia mabingwa wachache waliosubiri zamu yao kwa miaka. Barlow alimhudumia seremala na mkulima.

Turudi kwenye rangi, maana vijana nao wana haki ya kujibiwa.

Kuivika risasi nguo si jambo la juzi. Tarehe 26 Septemba 1874, pale Creedmoor, Long Island, timu ya Ireland ilikutana na Wamarekani, watu sita kwa sita, kwa yadi 800, 900 na 1,000. Waireland walikuwa na bunduki za Rigby za kujaza kwa mdomo. Wamarekani walikuwa na Sharps na Remington za kujaza kwa nyuma, na risasi zao zilivikwa karatasi. Karatasi nyembamba ililoweshwa, ikazungushwa mara mbili, ikakauka ikabana. Ikafika hadi mdomo wa mtutu, ikapasuka na kuiacha risasi iende peke yake. Siku hiyo Muireland mmoja, Milner, alipiga katikati kabisa ya shabaha, lakini shabaha ya jirani, akapewa sifuri. Mwishoni alibaki Mmarekani John Bodine. Chupa ya tangawizi ilikuwa imempasukia mkononi, damu inatiririka, na timu yake iko nyuma kwa pointi moja. Alifunga kitambaa, akalala, akapiga katikati. 934 kwa 931. Vijana wangu, ile karatasi ndiyo rangi yenu ya kwanza. Kazi yake ni ile ile: ngozi kati ya madini laini na chuma cha mtutu.

Mbali na karatasi palikuwa na shahamu, na nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, halafu katika miaka yetu hii ikaja rangi ya unga, ambayo Wajerumani waliianzisha miaka ya 1950 kwa kupakia vyuma. Inatendwa hivi. Risasi safi, bila alama ya mafuta ya vidole, zinatiwa katika kopo la plastiki pamoja na unga na shanga ndogo za plastiki, zinatikiswa. Msuguano unazaa umeme, unga unanata. Zinaokwa nyuzi 200 kwa dakika 20 hivi. Zikipoa, weka moja juu ya chuma uiponde kwa nyundo hadi iwe bapa: rangi ikipasuka na kubanduka, haikuiva. Kisha zinapitishwa kwenye tundu la kipimo, kwa kuwa rangi imeongeza elfu moja au mbili za inchi. Hakuna moshi wa shahamu, na mtutu unabaki safi. Lakini oveni iliyooka risasi isiokewe mkate tena, na meza ya kusubia isiwe ya jikoni. Osha mikono kabla ya kugusa tonge, na watoto wakae mbali. Vumbi la madini haya ni sumu.

Madini yenyewe yana tarehe yake. Risasi tupu ni laini mno, huyeyuka kwa nyuzi 327. Huongezwa bati ili ijaze kila pembe ya kalibu, na antimoni, jamaa wa wanja wa manga, ili iwe ngumu. Wazee wetu walikula asali wakati magazeti yalipochapwa kwa herufi zilizosubiwa kwa mashine, kwa sababu madini ya mashine hizo yalikuwa tayari yamechanganywa: risasi 84, antimoni 12, bati 4 katika kila 100. New York Times iliziacha mashine hizo Julai 1978, na kisima kikakauka. Tukaenda kwa mafundi wa tairi kuomba vipande vya kubalansia magurudumu. Navyo vimekuwa adimu, California ikavipiga marufuku mwaka 2010, na vya zinki vikajipenyeza. Kipande kimoja cha zinki sufuriani kinaharibu mseto wote, unakuwa mzito kama uji wa jana na haujazi kalibu. Sisi wa zamani tunakagua kila kipande kwa koleo: kinachokatika kwa urahisi ni risasi, kinachokataa kinatupwa.

Na maji yasikaribie sufuria. Niliwahi kuinama juu yake bila miwani na kofia, siku ya joto, tone la jasho likaanguka. Lililipuka kama bomu, na dari ya banda langu ina madoa ya fedha hadi leo.

Kalibu yangu ni 311291, ya Lyman, kwa kekee ya Barlow, yenye nafasi ya kikombe cha shaba kitakoni. Inatoa risasi ya grani 170 hivi. Jumamosi iliyopita nilizipaka rangi ya kijani, nikapiga kumi kwa yadi 100, kasi ya wastani, bila haraka, na sahani ya kikombe cha kahawa ikayafunika matundu yote. Kijana anayesema ufundi umeanza nao alikuja kutazama. Nilimpa kalibu mkononi, nikamwonyesha tarakimu tatu za mwisho, nikamweleza ni za nani. Aliishika kwenye mwanga, akaifungua, akaifunga, akausikiliza mlio wake inapokutana. Ameiazima.