Eksitoni katika plastiki zinazopitisha umeme

Eksitoni ni jozi ya elektroni na tundu ambalo elektroni hiyo imeliacha baada ya kusukumwa na mwanga. Kwa jumla jozi hiyo haina chaji, lakini hubeba nishati. Katika polima zinazopitisha umeme kwa kiasi, yaani plastiki zenye tabia inayokaribia ile ya silikoni, eksitoni ndiyo huamua iwapo mwanga wa jua utageuka kuwa umeme au utapotea bure kama joto.

Kwa miaka mingi plastiki ilijulikana kuwa kizuizi cha umeme, na hadi leo ndiyo inayofunika nyaya majumbani. Mwaka wa 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba poliasetilini iliyotiwa iodini hupitisha umeme, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2000. Mnamo 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza polima itoayo mwanga inapopitishiwa umeme.

Kasoro ya polima hizi ni kwamba elektroni na tundu hushikana sana. Katika silikoni joto la kawaida la chumba hutosha kuvitenganisha. Katika polima halitoshi hata kidogo. Eksitoni hulazimika kusafiri hadi inapokutana na kitu kingine chenye kuipokea elektroni, na mara nyingi hufa baada ya nanomita 10 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Ndipo huzuka swali la upana wake. Je, eksitoni hutawanyika katika mnyororo mzima wa polima, au hujibana katika viungo vichache tu? Jibu hugusa moja kwa moja jinsi nishati inavyosafiri.

Njia mojawapo ya kulijibu ni resonansi ya sumaku ya elektroni, iliyogunduliwa na Yevgeny Zavoisky mjini Kazan mwaka wa 1944. Kila elektroni ni kama sumaku ndogo. Ikiwekwa katika uga wa sumaku na kupigwa mawimbi ya maikrowevu, hufyonza nishati kwa kipimo maalumu. Eksitoni ambazo sumaku zake mbili zimefutana, ziitwazo singleti, hazionekani kwa njia hii. Huonekana zile za tripleti, ambazo sumaku zake zinaungana. Huo ni upungufu, maana tripleti huwa finyu kuliko singleti katika polima nyingi. Hata hivyo tripleti si za kupuuzwa: umeme unapoingizwa katika plastiki itoayo mwanga, kwa kawaida huzaliwa tripleti tatu kwa kila singleti moja.

Wapimaji hutazama mambo mawili. La kwanza ni nguvu kati ya elektroni mbili zenyewe, ambayo hushuka hadi thumuni umbali unapoongezeka maradufu. La pili ni jinsi viini vya haidrojeni vinavyozihisi elektroni hizo: tripleti ikienea sawasawa katika viungo sita, kila kiini huhisi sehemu moja tu ya sita.

Vipimo hivi viwili havikubaliani kila mara. Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo kuhusu minyororo ya pofirini, ukoo wa molekuli unaoipa damu wekundu wake. Walitumia minyororo mifupi yenye urefu unaojulikana, kwa kuwa katika polima ya kawaida urefu hutofautiana. Kutoka viungo viwili hadi sita, kipimo cha kwanza hakikubadilika kwa kiasi cha maana. Minyororo ilipokunjwa, kilibadilika sana, ilhali kile cha haidrojeni kilibaki vile vile. Kumbe cha kwanza kilikuwa kikifuata umbo, si upana peke yake.

Haidrojeni ndizo zilizofichua ukweli. Katika mnyororo ulionyooka, tripleti ilikaa hasa katika viungo viwili au vitatu, hata vilipokuwepo sita. Lakini viungo sita vilipofungwa kuwa pete, vipimo vyote viwili vilishuka mno, ishara kwamba tripleti ilikuwa imeenea katika pete nzima. Kwa mkemia anayetaka tripleti pana, kuurefusha mnyororo wa aina hii hakumfaidi. Kuziunganisha ncha zake humfaidi.