Saba iliposikika tano: Historia ya ndege kupishana angani

Juzi nilikuwa Nyamira kwa mazishi ya mzee mmoja wa ukoo wetu. Mwendo wa saa sita mchana tukasikia ngurumo ya chopa upande wa Manga, na kabla hatujageuza shingo, nyingine ikasikika ikitokea upande wa Kisii mjini. Zote mbili zinakuja kwenye uwanja ule ule wa shule ya msingi. Mjukuu wangu, mtoto asiyejua kunyamaza, akanivuta koti: "Babu, nani atatua kwanza? Na nani anawaambia?"

Nikamwambia atulie, mhubiri anaendelea. Ukweli ni kwamba swali lilinikaa. Huenda msomaji akajiuliza ndege zimeingiaje katika safu ya lugha. Zimeingia kwa mlango wa mbele, bwana, maana kupishana kwa ndege angani, hasa wakati wa kushuka, kumekuwa suala la maneno kwa miaka mingi kama lilivyo suala la mitambo.

Zamani rubani alitegemea macho yake tu. Sheria ilikuwa nyepesi: ona wenzako, nao wakuone. Ilitosha ndege zilipokuwa chache na za polepole. Tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya Grand Canyon nchini Marekani, wakafa watu 128, na ikadhihirika kwamba macho hayatoshi. Serikali ya huko ikaunda mamlaka mpya ya kusimamia anga mwaka 1958.

Njia mojawapo ya kuzitenganisha ni kuigawa anga kama ghorofa. Mpango wa kawaida ni huu: ndege zinazoelekea mashariki hupewa viwango vya witiri, zinazoelekea magharibi hupewa vya shufwa. Kwa hiyo ndege inayotoka upande wetu kwenda Nairobi husafiri katika namba witiri, na inayorudi katika namba shufwa. (Walimu wa hisabati, hapo mna mfano mzuri wa kuwaamsha wanafunzi wanaosinzia.) Taabu huanza ndege inapotaka kushuka. Haiwezi kufika chini bila kukatiza ghorofa za wengine. Hapo ndipo mtu wa mnarani anapoingia na kutamka namba: shuka hadi hapa, usipite hapa. Maisha ya watu yanabebwa na namba hiyo.

Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na Delhi, India, ndege ya mizigo aina ya Ilyushin iliyotoka Kazakhstan ilikuwa ikishuka. Iliambiwa isipite chini ya futi 15,000. Boeing 747 ya Saudia ilikuwa ikipanda, nayo iliambiwa ikomee futi 14,000. Futi elfu moja baina yao zilitosha kabisa. Ilyushin ikapita kiwango chake, zikagongana, wakafa watu wote 349. Uchunguzi uliwatia lawamani wafanyakazi wa Ilyushin, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni udhaifu wao katika Kiingereza. Aliyekuwa akizungumza na mnara alikuwa mwendesha redio, si rubani mwenyewe. Baada ya mkasa huo na mingine, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likaweka viwango vya umilisi wa lugha kwa marubani na waelekezi wa ndege, vikaanza kutumika tarehe 5 Machi 2008. Huu si mtihani wa sarufi ya kukariri. Mtahiniwa hupimwa matamshi, ufasaha, ufahamu na uwezo wa kuzungumza pale mambo yanapoharibika.

Lakini si lazima twende India. Septemba 1974 Boeing 747 ya Uingereza ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa Embakasi, Nairobi. Mwelekezi aliiambia ishuke hadi futi saba-tano-sifuri-sifuri, yaani 7,500. Marubani wakasikia tano-sifuri-sifuri-sifuri. Sasa fikiria: uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Walikuwa wakiishusha ndege hadi kimo kilichokuwa chini ya ardhi! Ilitoka mawinguni ikiwa karibu sana na ardhi, ikafikia futi zipatazo 70 tu, ndipo wakaipandisha. Hakuna aliyeumia. Huko ndege ilikaribia kugongana na nchi badala ya ndege nyingine, lakini kosa ni lile lile la Delhi: kiwango cha kushukia hakikushikwa.

Ndiyo sababu marubani hutamka namba kwa namna inayotuchekesha sisi walimu wa lugha. Tisa ya Kiingereza huongezewa silabi ya pili na kuwa "naina", kwa kuwa katika redio yenye mikwaruzo hufanana na tano. Tatu yao hutamkwa "tri". Na kila amri ya kimo sharti rubani airudie, ili mwelekezi apate nafasi ya kusahihisha.

Je, Kiswahili kingefanya vyema zaidi? Nasitasita. "Tatu" na "tano" zina silabi mbili mbili na zinaanza sawa. Mikwaruzo ikimeza silabi ya mwisho, umekwisha. "Saba" na "sita" zinaanza kwa konsonanti moja. Ekegusii nacho ndicho hatari kabisa. Sisi huhesabu saba kwa kusema isano na ibere, tano na mbili, na nane ni isano na isato, tano na tatu. Mtu akisikia nusu ya kwanza tu, saba na nane zote ni tano! Kosa la Embakasi lingekuwa limejengwa ndani ya lugha yenyewe. Sisemi hivi kuidharau lugha ya mama. Nasema lugha yoyote ikipelekwa angani inahitaji kushonewa nguo mpya, kama Kiingereza kilivyoshonewa.

Kazi ya msamiati ndiyo inayotuhusu sisi wa chini. Magazeti yetu huandika kwamba ndege "ilianguka ikitua" hali ilikuwa bado kilomita kumi kutoka uwanjani. Kushuka ni kupunguza kimo. Kutua ni kugusa ardhi. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya mafunzo na ndege ya abiria yenye watu 44 zilipogongana karibu na uwanja wa Wilson, na watu wawili wa ile ndogo wakafa katika Mbuga ya Nairobi, nilisoma taarifa ambazo ungedhani zote mbili zilikuwa zikitua, ilhali ile kubwa ilikuwa ndiyo kwanza imeruka kuelekea Diani. Msomaji aliyefiwa anastahili kitenzi sahihi.

Na neno "kupishana" nalo lina utata wake. Magari hupishana barabarani, sawa. Lakini nikisema "tumepishana na Mzee Nyakundi" namaanisha hatukuonana. Kwa rubani maana zote mbili zinafaa.

Huku kwetu kiwanja cha Suneka hakina mnara. Anayekuja hujitangaza kwenye redio: niko wapi, kimo gani, nashuka kutoka upande gani. Mvua za alasiri zinaposhusha mawingu juu ya vilima vya Kisii na Nyamira, chopa zote hujibana katika nafasi ile nyembamba kati ya wingu na majani chai. Kwenye viwanja vya shule, siku za mazishi na kampeni, hata hilo tangazo hutegemea rubani kukumbuka kwamba huenda hayuko peke yake.

Jibu la mjukuu wangu nilimpa jioni. Kanuni ya kimataifa inasema zinapokuja mbili kutua, iliyo juu huipisha iliyo chini, ila ya chini isiitumie haki hiyo kumkatiza aliyekwisha kukaribia ardhi.

"Kumbe ndiyo maana ile nyeupe ilizunguka," akasema.

Ilizunguka kweli, mara mbili juu ya Manga, mpaka vumbi la mwenzake likatulia.