Uraia kwa Mlango wa Kabila: Kenya na Jamii za Wahamiaji

Nchini Kenya, swali la nani ahesabiwe kuwa mwananchi limejibiwa, kwa miaka kadhaa sasa, kwa kuongeza makabila katika orodha ya taifa badala ya kumsajili mtu mmoja mmoja, na mtindo huo, ingawa umewatoa maelfu ya watu katika dhiki, unastahili kuhojiwa.

Wamakonde waliotoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, pamoja na wavuvi wenye asili ya kisiwa cha Pemba waliolowea Kilifi na Kwale, waliishi kwa miongo mingi bila utaifa, yaani bila kutambuliwa na dola yoyote kuwa raia wake. Mvuvi asiye na kitambulisho hawezi kukata leseni ya uvuvi, hasajili laini ya simu kwa jina lake na hivyo hana M-Pesa, wala hafungui akaunti ya benki. Katika kila malipo humtegemea mwenye kitambulisho, na mwanawe huhangaikia cheti cha kuzaliwa kinachodaiwa anaposajiliwa kwa mtihani wa taifa.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilikuwa imekwisha kufungua njia, kwa kuwa ilimruhusu mtu asiye na utaifa aliyeishi Kenya mfululizo tangu siku ya uhuru, 12 Desemba 1963, aombe kusajiliwa, na vizazi vyake vivyo hivyo. Hata hivyo, muda uliowekwa ulikuwa miaka mitano, ukaongezwa mitatu, ukaisha mwaka 2019 ilhali wengi hawajafikiwa. Kilichofua dafu ni shinikizo: Oktoba 2016 Wamakonde walishika njia kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, nao wakatambuliwa kuwa kabila la 43, Wapemba wakapokea uraia mwaka 2023 chini ya Rais William Ruto.

Ushindi huo ulikuwa wa haki kabisa. Kasoro iko katika kigezo, kwani kabila likiwa ndilo mlango, haki ya mtu binafsi hugeuka kuwa zawadi ya Ikulu kwa kundi, na familia iliyotawanyika, isiyo na msemaji wala chama, hubaki nje. Tena orodha yenyewe haitoshi. Wanubi, ambao mababu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa Waingereza, ni jamii inayojulikana rasmi, lakini kwa miaka mingi vijana wao walihojiwa na kamati maalumu kabla ya kupewa vitambulisho, hatua ambayo vijana wa makabila mengi hawakuipitia.

Marekebisho yanayohitajika, kwa hiyo, ni ya kiofisi kuliko ya kisiasa: ukomo wa mwaka 2019 uondolewe, na msajili apokee ushahidi ambao watu hawa wanao kweli, kama vile rejista ya shule ya msingi, kadi ya kliniki, kumbukumbu za mwajiri shambani na kiapo cha mzee wa mtaa, kisha atoe kwa maandishi uamuzi unaoweza kukatiwa rufaa mahakamani.