Mwalimu, Hatukusikii

Mnamo Mei 1982, mji wa Homa Bay ulipata kituo cha redio kilichowekwa kwa ajili ya watu wa pale pale. UNESCO ilitoa msaada, serikali ikakubali jaribio lifanyike chini ya Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la taifa, na mtambo mdogo wa FM ukaanza kurusha matangazo kwa Dholuo. Gharama yake haikufika dola 25,000 za Marekani. Wanaoandika historia ya utangazaji hukitaja kuwa kituo cha kwanza cha redio ya jamii barani Afrika. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Agosti, wanajeshi wa Jeshi la Anga waliojaribu kupindua serikali walikimbilia studio za Sauti ya Kenya jijini Nairobi, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini serikali huangalia redio kwa jicho kali. Kituo cha Homa Bay kilifungwa mwaka 1984.

Migori ya leo nayo ilikuwa sehemu ya habari hiyo, kwani wakati huo kaunti za Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza, na makao makuu yake yalikuwa Homa Bay.

Kisa hiki ni mahali pazuri pa kuanzia historia ya darasa la mbali kando ya Ziwa Victoria, kwa sababu moja: redio haikumuuliza mtu jina. Haikutaka nywila. Ikinyamaza, sababu zilikuwa chache na kila mtu alizijua: betri zimekwisha, eria imevunjika, au mawimbi yamekorofisha. Betri zilianikwa juani, eria ikarefushwa kwa waya, na somo likaendelea. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kubwa. Redio ilisema, haikusikia.

Walimu wa wilaya hiyo walikuwa wameionja kasoro hiyo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo kwa njia ya posta, hasa kwa walimu wa msingi waliotaka kupanda daraja. Masomo yaliyochapishwa yalikuja kwa barua, vipindi vya redio vikayafafanua, na kazi ya mwanafunzi ikarudi kwa posta ili isahihishwe. Mlango wa kuingilia darasani ulikuwa sanduku la posta, mara nyingi la shule au la kanisa. Swali lililoulizwa leo lilijibiwa baada ya majuma, bahasha ikiwa haijapotea njiani.

Kati ya 1980 na 1985 likaja jaribio la kijanja zaidi, mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za mashambani nchini Kenya. Mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza kwa sekunde chache, watoto wakajibu kwa sauti moja, kisha akasema jibu sahihi na kuendelea kana kwamba amewasikia. Ulikuwa uongo wa hisani, na ulifanya kazi. Mtoto alizungumza badala ya kusikiliza tu, hata kama upande wa pili hapakuwa na sikio.

Sikio lenyewe lilifika mwaka 1997, pale Benki ya Dunia ilipoanzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo. Mihadhara ilitoka ng'ambo kwa setilaiti, na wanafunzi waliuliza maswali kwa simu. Setilaiti za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo sauti huchukua takriban robo ya sekunde kupanda na kushuka. Anayezoea mazungumzo ya uso kwa uso huona kimya hicho kifupi kuwa ishara ya kumruhusu aseme, naye huanza kusema wakati mwenzake ameshaanza. Kugongana huko kwa sauti kumebaki hadi leo katika kila darasa la mtandaoni, ingawa sababu zimebadilika.

Kijana wa Rongo au Mbita aliyetaka kuketi katika darasa hilo alilazimika kwanza kupanda basi hadi Nairobi.

Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na intaneti ikaanza kushuka bei. Ndipo saiba zilipozagaa katika miji ya Migori, Awendo na Homa Bay. Kisiwani Mfangano, mwanzoni mwa muongo wa 2010, kituo cha Ekialo Kiona kilikuwa na chumba cha kompyuta zilizotumia umeme wa jua, na sharti la kuingia halikuwa pesa: mwanachama alipima virusi vya Ukimwi kila miezi sita. Pengine hakuna nywila iliyowahi kuwa na maana zaidi katika eneo lililoathiriwa vibaya kiasi hicho na ugonjwa huo. Kituo hicho baadaye kikawa na redio yake, EK-FM, iliyotangaza kwa lugha ya Kisuba.

Kwingineko, saiba ndiyo iliyokuwa ofisi ya kila kitu. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne alimwendea mhudumu wa saiba kuomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS au mkopo wa HELB. Mfumo ulitaka baruapepe, kijana hakuwa nayo, mhudumu akamfungulia moja palepale na kubuni nywila. Kazi ikaisha, risiti ikachapishwa, na nywila ikasahaulika. Mwaka 2017 ikawa zamu ya walimu wakuu. Wizara ya Elimu ilileta mfumo wa NEMIS wa kusajili kila mwanafunzi, na mtandao ukiwa umelemewa mchana, wengi waligundua kwamba saa nzuri ya kuingia ni usiku wa manane.

Hayo yote yalikuwa mazoezi.

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule na vyuo vifungwe. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati mwaka 2016, na wa Tom Mboya, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Maseno, walifunga virago kama wenzao kote nchini. Vyuo vikahamia mtandaoni kwa pupa. KENET, mtandao wa vyuo ulioanzishwa mwaka 1999, ulivipa vyuo wanachama mitambo ya BigBlueButton, na Zoom ikawa neno la nyumbani hata kwa bibi ambaye hajawahi kuiona.

Ile baruapepe iliyofunguliwa saiba ikarudi kudai haki yake. Mwanafunzi aliyekataliwa na mfumo aliombwa abadilishe nywila, na kiungo cha kuibadilishia kikatumwa kwenye baruapepe ambayo hakujua namna ya kuifungua. Wengine walinakili nywila kutoka kwenye ujumbe mfupi pamoja na nafasi tupu ya mwishoni isiyoonekana kwa macho, wakakataliwa mara tatu na akaunti ikafungwa. Simu iliyozimika kwa siku kadhaa ikiwaka ilirudi na tarehe ya miaka ya nyuma. Kivinjari kikaona cheti cha usalama cha tovuti hakilingani na tarehe hiyo na kukataa kuifungua, kikionya kwamba muunganisho si salama. Tiba ilikuwa kurekebisha saa, jambo ambalo onyo lenyewe halikulieleza vizuri.

Zoom nayo ilikuwa na mambo yake. Kuanzia Aprili 2020, baada ya wahuni kuvamia mikutano ya watu, iliweka nywila na chumba cha kusubiri kama kawaida kwa watumiaji wengi. Mwanafunzi aliyeazima simu akaingia na jina la mzazi, au la duka la M-Pesa, na mhadhiri mwangalifu hakumfungulia mlango. Kisha, tarehe 30 Mei, programu za zamani zikakatiwa njia, na kila mtu akatakiwa kupakua toleo la 5.0. Kwa mwenye Wi-Fi hiyo ni kazi ya dakika moja. Kwa aliyenunua bando la siku la kutosha somo moja, toleo jipya lilikula bando na somo likaanza bila yeye.

Aliyefanikiwa kuingia alikutana na tatizo la sauti, ambalo lilikuwa na ukaidi wa namna yake. Kwenye simu, kuingia darasani na kuunganisha sauti vilikuwa vitendo viwili: asiyegusa kitufe cha pili aliona midomo ikicheza tu. Aliyekataa kuipa programu ruhusa ya kipaza sauti siku ya kwanza, kwa kuogopa kudukuliwa, hakukumbuka kwamba alikataa. BigBlueButton iliuliza mlangoni kama mtu anataka kusikiliza tu au kuzungumza. Wengi walichagua kusikiliza kwa heshima, kisha wakaulizwa swali. Ndugu wawili waliokaa meza moja na simu mbili walizua mlio unaopasua masikio, kwa kuwa sauti ya spika moja iliingia kwenye kipaza cha nyingine na kuzunguka bila kikomo. Simu ya shangazi ikiita katikati ya somo, sauti ya darasa ilikatika na pengine isirudi.

Katika mengi ya haya, mwanafunzi ndiye aliyelaumiwa. Mhadhiri alisema, "Angalia netiweki yako." Mara nyingi netiweki haikuwa na hatia. Palipokuwa na tatizo la kweli la mtandao, dawa ilikuwa kuzima picha, kwa sababu video hula data mara kadhaa zaidi ya sauti, lakini ushauri huo ulichelewa kufika kwa wahadhiri waliotaka kuona nyuso. Wapo waliokata shauri wakarekodi somo na kulituma WhatsApp kwa vipande vya sauti. Mpakani Isebania, na kule Muhuru Bay, kulikuwa na kero ya ziada: simu inaweza kushika mnara wa Tanzania, na mwenye laini ya Kenya ghafla yuko ugenini bila kuhama kiti.

Watoto wa msingi hawakufika hata kwenye kero hizo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 17.9 tu ya nyumba za Kenya zilikuwa na intaneti, na asilimia 56.9 zilikuwa na redio. Kwa hiyo taasisi ya mitaala, KICD, ilirudi kwenye njia ya wazee na kurusha masomo kupitia redio za KBC. Ulikuwa uamuzi wa busara, ila masomo yalitoka Nairobi kwa ratiba ya Nairobi, na mwanafunzi wa darasa la pili huko Nyatike hakupata mtangazaji wa Dholuo kama yule wa 1982. Kana kwamba hayo hayatoshi, Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho kilikuwa hakijawahi kurekodiwa, maji yakaingia nyumba za ufuoni, na tarehe 9 umeme ukapotea nchi nzima.

Shule zilifunguliwa kwa wote Januari 2021, lakini darasa la mbali halikufungwa. Tume ya Kuajiri Walimu ilianzisha mafunzo ya walimu yaliyofuatwa kwa sehemu kubwa mtandaoni. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na setilaiti zake, zikiwa umbali wa kilomita mia kadhaa tu, zimepunguza kile kimya cha miaka ya tisini hadi kisisikike. Tarehe 3 Agosti mwaka huo, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake, chuo ambacho mwanafunzi wa Sindo anaweza kukimaliza bila kupanda matatu. Wiki tatu baadaye umeme ulipotea tena nchi nzima kwa saa nyingi.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikaanza kusikia sauti zinazokatika. Kuzima simu na kuiwasha, kununua bando jipya, kubadilisha laini, kupanda mlimani kutafuta mnara: dawa zote walizozoea watu wa Migori na Homa Bay zilijaribiwa bila mafanikio, kwa sababu iliyohitajika safari hii ilikuwa meli ya kutengeneza nyaya.