Mercedes-Benz E-Class ya 2002 hadi 2009: Mwendo, Starehe na Gharama Zake

Mercedes-Benz E-Class ya kizazi kinachojulikana kwa namba ya kiwandani W211 iliingia sokoni mwaka 2002 na kuacha kutengenezwa mwaka 2009, nafasi yake ilipochukuliwa na W212. Kiwanda kikuu kilichoitengeneza ni kile cha Sindelfingen, kusini mwa Ujerumani, na kwa jumla yalitoka takriban magari milioni 1.5, yakiwamo yale yenye sehemu ndefu ya nyuma ya kubebea mizigo. Ni gari la daraja la kati katika familia ya kampuni hiyo: kubwa kuliko C-Class, dogo kuliko S-Class.

Katika Afrika Mashariki, ambako baada ya uhuru jina la gari hilo lilizaa neno "Wabenzi" la kuwataja wenye madaraka na fedha, E-Class ya miaka hiyo leo inapatikana mkononi kwa bei inayoshindana na ya sedani za kawaida za Kijapani. Kulinunua kumekuwa rahisi. Kulitunza ni habari nyingine, na ndiko wanunuzi wengi wanakojikwaa.

Umbo lake ni la taa nne za mviringo mbele, alama iliyoanza na W210 ya mwaka 1995, ila safari hii taa zimelazwa nyuma zaidi na boneti imeinama. Urefu ni mita 4.82 na upana mita 1.82. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 2.85, na buti lina ujazo wa lita 540. Toleo linalopenya hewa vizuri zaidi lina kipimo cha ukinzani wa upepo cha 0.26, kiasi kidogo sana kwa gari la zama zake, na ndiyo sababu mojawapo ya ukimya wake barabarani.

Kuhusu mwendo, jina moja la E-Class linafunika magari yenye tabia tofauti mno. E 200 Kompressor, yenye injini ya silinda nne na nguvu za farasi 163, hufikia kilomita 100 kwa saa kutoka kusimama kwa karibu sekunde 10. Inatosha mjini, lakini ikipakia watu wanne na mizigo yao ikapanda mlima, uzito wa gari hujulikana mara moja. E 240 ina silinda sita zenye farasi 177, na kusema kweli faida yake kubwa ni ulaini kuliko kasi. E 320 ya petroli, yenye farasi 224, ndiyo inayolitendea gari hili haki: kilomita 100 kwa saa hupatikana chini ya sekunde 8. E 500, yenye silinda nane na farasi 306, huchukua takriban sekunde 6. E 55 AMG ya farasi 476 ni gari la mashindano lililovishwa suti, na halihitaji kujadiliwa sana hapa.

Hata hivyo, injini iliyolijengea gari hili sifa kwa wasafiri wa mbali ni ya dizeli. E 320 CDI ya mwanzo ilikuwa na farasi 204 tu, lakini nguvu yake ya kuvuta ilifikia Nm 500, wakati E 320 ya petroli ilikuwa na Nm 315. Kwa dereva tofauti hiyo huonekana pale anapotaka kulipita lori: dizeli haihitaji kushusha gia mbili na kupiga kelele, hukanyagwa kidogo na kuondoka. Katika vipimo vya Ulaya ilitumia takriban lita 7 kwa kilomita 100, dhidi ya karibu lita 10 za petroli. Mwaka 2005 magari matatu ya E 320 CDI yaliendeshwa usiku na mchana kwa siku 30 katika uwanja wa majaribio wa Laredo, Texas, yakakamilisha maili 100,000 kila moja kwa wastani wa kilomita 224.8 kwa saa.

Dizeli ya namna hiyo hudai mafuta safi. Mfumo wake wa kunyunyizia mafuta hufanya kazi kwa shinikizo kubwa sana na hauvumilii maji wala uchafu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua iliyosaidia. Hata hivyo hakuna kiwango cha salfa kinachoweza kuliokoa gari lililojazwa mafuta yaliyochakachuliwa.

Ndani, starehe haitokani na mapambo. Viti vya mbele ni vipana na vigumu kidogo kwa anayevikalia mara ya kwanza, lakini ugumu huo ndio unaouacha mgongo bila maumivu baada ya saa nne au tano za safari. Kwa aliyelipa zaidi, kulikuwa na viti vyenye mifuko ya hewa pembeni ambayo hujaa upande wa nje wa kona ili kumshikilia dereva. Kiyoyozi cha sehemu nne kilimwezesha kila abiria wa pembeni kuchagua baridi yake. Nyuma watu wawili hukaa kwa nafasi nzuri. Wa tatu hubanwa na uti wa sakafu ya kati, na hapo gari hili halina tofauti na mengine yote yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma.

Springi ni za aina mbili. Magari mengi yana springi za chuma, na E 500 ilitoka na mfumo wa hewa uitwao Airmatic, ambao kwa matoleo mengine uliongezwa kwa malipo. Mfumo huo hubadilisha ugumu wake kufuatana na barabara, huliinamisha gari kwenye kasi kubwa na huliinua kwa kitufe, jambo la manufaa penye matuta na barabara mbovu. Juu ya lami iliyochakaa hakuna springi ya chuma inayoufikia kwa ulaini. Lakini mpira wa mifuko ya hewa huzeeka, hupasuka na kuvuja, na hapo pampu hufanya kazi kupita kiasi hadi nayo inaungua. Dalili ya kwanza huonekana asubuhi, gari likikutwa limelala upande mmoja.

Jambo zito zaidi ni breki. W211 za 2002 hadi 2006 zilitoka na mfumo uitwao Sensotronic, ambao pedali hupeleka ishara ya umeme kwa kompyuta, nayo hupima shinikizo la kila gurudumu na kuliagiza kutoka kwenye pampu. Dereva akiondoa mguu ghafla kwenye mafuta, mfumo husogeza pedi karibu na diski kabla breki haijakanyagwa. Wakati wa mvua hukausha diski. Ukifanya kazi, ni mzuri kweli.

Ukishindwa, breki hurudi kwenye mfumo wa kawaida wa mafuta kwa magurudumu ya mbele peke yake, pedali huzama zaidi na huhitaji mguu wenye nguvu. Mwezi Mei 2004 kampuni iliyaita magari 680,000 duniani kwa ajili ya ukaguzi wa mfumo huo, na mwaka 2005 ikayaita mengine milioni 1.3, safari hii pamoja na matatizo ya umeme. Katika maboresho ya mwaka 2006 mfumo uliachwa na breki za kawaida zikarudishwa.

Kompyuta ya Sensotronic huhesabu kila mara breki inapokanyagwa, na hesabu ikifikia kikomo huwasha onyo la kutaka kitengo kizima kibadilishwe. Wapo mafundi wanaofuta hesabu hiyo kwa mashine na kumrudishia mwenye gari dashibodi safi. Onyo huondoka, pampu iliyochoka hubaki. Aidha, mfumo huo unaweza kujiwasha gari likiwa limesimama, hata mlango unapofunguliwa tu, na pistoni zikamponda vidole fundi anayebadilisha pedi bila kuuzima kwanza kwa utaratibu wake.

Kwa hiyo gari la baada ya maboresho ya 2006, lenye springi za chuma, ndilo linalofaa zaidi kwa anayeishi mbali na fundi mwenye vifaa. Anayechagua E 350, yenye farasi 272, hana budi kuuliza namba ya injini: katika zile za mwanzo gia ya shafti ya kusawazisha mtikisiko hulika mapema, na kuibadilisha kunahitaji injini ishushwe.

Washindani wake walikuwa BMW 5 Series ya 2003 na Audi A6 ya 2004. BMW humpa dereva raha zaidi kwenye kona. Audi ilimalizwa vizuri zaidi ndani. Kwa abiria anayetaka kusoma gazeti au kulala, E-Class bado iko mbele.

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane, hivyo W211 zinazouzwa huko ni zile zilizoingia zamani, nyingi zikiwa zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Kitabu cha matengenezo, kama kipo, kisomwe kabla ya kulijaribu gari barabarani.