Kaktasi ya Krismasi

Kaktasi ya Krismasi (Schlumbergera) ni mmea wa maua wa familia ya dungusi. Asili yake ni milima ya pwani ya kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya matawi ya miti na katika nyufa za miamba, penye kivuli na ukungu. Kwa hiyo kuitunza kama madungusi ya jangwani, kwa jua kali na ukame, ni kuiua.

Haina majani; kazi ya majani hufanywa na pingili bapa za kijani zilizoungana. Hupandwa kwenye chungu chenye matundu, katika mboji iliyochanganywa na mchanga wa chengachenga, na kuwekwa palipo na jua la asubuhi tu. Jua la mchana huzigeuza pingili kuwa nyekundu. Humwagiliwa udongo wa juu unapokauka, na maji yasituame kwenye kisahani, maana mizizi huoza upesi.

Maua ndiyo yenye masharti. Vichipukizi vya maua hutokea baada ya wiki kadhaa za usiku mrefu, wa saa 12 au zaidi, usiokatizwa na taa. Baridi ya usiku ya nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi husaidia sana. Ndiyo maana sehemu za baridi kama Limuru au Lushoto zinaifaa kuliko Dar es Salaam. Vichipukizi vikishatokea, chungu kisihamishwe, la sivyo vitadondoka.

Huzalishwa kwa kunyofoa pingili mbili au tatu, kuziacha siku moja au mbili jeraha likauke, kisha kuzipanda. Ikitunzwa vyema, huishi miaka mingi.